Ushuhuda Uliokwama Mdomoni

Kila kanisa lina mtu mmoja ambaye hakuna anayemuuliza kama ameokoka. Katika kanisa hili mtu huyo alikuwa fundi wa vyombo. Alikaa nyuma kabisa, juu ya kijukwaa cha mbao alichokipigilia misumari mwenyewe, mbele ya meza ya sauti yenye vitufe vingi kuliko alivyohitaji, hedifoni shingoni. Watu walimwita Fundi, basi. Alifika kabla ya wafagiaji na kuondoka baada yao. Hakunywa, hakuvuta, hakugombana na mtu barabarani, na kazi ile aliifanya bure. Mchungaji alipotafuta mfano wa mtumishi mwaminifu alinyoosha kidole nyuma, watu wakageuza shingo, na Fundi akajitia anakagua waya.

Ukweli ni kwamba mahubiri hakuyasikia. Alichosikia ni sauti. Alijua mchungaji anapanda lini na kushuka lini. Alijua kwamba mwenyekiti wa akina mama akianza kulia katikati ya maombi lazima umpunguze upesi, la sivyo spika zitapiga mbinja na watoto wataamka. Lakini ukimuuliza baadaye somo lilihusu nini, angekwambia lilikuwa na besi nyingi mno.

Mwishoni mwa kila ibada mchungaji aliwaita mbele wale wanaotaka kuokoka, na hapo ndipo Fundi alipoonyesha ubingwa wake. Alipunguza kinanda hadi kikawa kama kinapigwa chumba cha pili. Sauti ya mchungaji aliiondolea ukali, akaiongezea joto kidogo. Watu walitokwa na machozi, wengine wakajitokeza. Baada ya ibada mchungaji angesema, "Leo Bwana ametenda," na Fundi angeitikia amina kwa moyo mkunjufu, kwa sababu aliona na yeye ana mkono wake hapo.

Mkewe aliwahi kumuuliza, wakiwa mezani wanakula. "Hivi baba watoto, wewe ulijitokeza lini?"

"Nijitokeze, halafu meza nimwachie nani?"

Wakacheka. Jibu lilikuwa zuri, na Fundi hakuwa mtu wa kutupa kitu kizuri. Alilitumia kwa mke, kwa wazee wa kanisa, hata kwa mchungaji mwenyewe, na kote walicheka.

Siku za kazi alitengeneza redio, pasi na feni katika chumba kimoja kilichobanana na duka la vifaa vya shule. Kaunta yake ilikuwa imejaa alama nyeusi za chuma cha moto cha kuchomelea waya. Nyuma yake, rafu nzima ilibeba redio ambazo wenyewe walizileta, wakaahidi kurudi kesho, wakapotelea huko huko. Alizifuta vumbi kila asubuhi. Alikuwa mtu wa namna hiyo, na sisemi kwa kejeli. Wapo watu wema kweli kweli duniani, na Fundi, kwa kipimo cha mtaa, alikuwa mmoja wao.

Alikuwa na mdogo wake wa kike, wa pekee, aliyeolewa na mpaka rangi. Shemeji huyo akiwa hajanywa alikuwa mtu wa watu: mcheshi, mwenye mkono mtulivu, anayeweza kupaka fremu ya dirisha bila kugusa kioo. Akilewa alimpiga mkewe. Hilo halina namna ya kulipamba. Alasiri moja mdogo mtu aliingia kwenye chumba cha redio akiwa na kiatu kimoja, jicho limefumba, kitambaa mdomoni. Fundi alizima chuma chake, akafunga mlango, akampeleka nyumbani kwake.

Dada na watoto wake walikaa pale muda mrefu, wakilala chumba cha watoto wa Fundi. Mpaka rangi alikuja mara nyingi kulia getini, na kila alipokuja alimkuta Fundi amesimama katikati ya geti, mikono kifuani, hapishi. Alisimama vizuri. Majirani waliona. "Bila kaka yangu ningekuwa kaburini," dada alisema kwa yeyote aliyesikiliza, na Fundi akapunga mkono kama mtu anayefukuza nzi. Moyoni aliyameza maneno yale kama asali.

Kisha kukawa na mkutano wa injili kwenye uwanja wa shule. Vyombo, kama kawaida, vilikuwa vya Fundi. Spika moja aliigeuza ielekee upande wa baa, kwa utani zaidi kuliko kwa imani. Mpaka rangi alikuwa humo ndani. Alitoka na glasi mkononi, wanasema, ili alalamikie kelele. Akasimama kusikiliza, akaketi kwenye nyasi, na wito ulipotolewa akaenda mbele akiyumba. Fundi alimwona toka mbali amepiga magoti na akajisemea kwamba maigizo mengine hayahitaji hata kiingilio.

Lakini mtu aliacha pombe. Wiki zikapita, miezi ikapita, ameacha. Dada alimchunguza kwa mbali, kisha kwa karibu, mchana kweupe, na mtu wa tatu akiwepo. Mwishowe akasema anarudi kwake.

"Umeamini machozi ya mlevi?" Fundi alimuuliza.

"Machozi siyaamini, kaka. Naangalia mikono. Na ufunguo wa nyumba nakaa nao mimi. Siku nikinusa pombe, analala nje au mimi naondoka."

Akaondoka na watoto na begi lake. Na tangu siku hiyo, akizungumza na watu, hakusema tena "bila kaka yangu." Alisema "bila Mungu." Hapo Fundi aliitikia amina, maana nani atabishana na Mungu kanisani? Ila kazi ya kuokoa watu ina utamu wake, na aliyenyang'anywa utamu huo hasemi amenyang'anywa. Husema ana wasiwasi tu. Fundi alisema ana wasiwasi na mdogo wake, kila mtu akamwelewa, na mkewe akamwombea.

Sasa, kuna jambo moja la kazi hii ambalo watu wengi hawalijui. Sauti ya msemaji ikimrudia masikioni kwa kuchelewa kidogo, kidogo sana, ulimi wake unagongana. Yeye mwenyewe hajui kwa nini. Anavuta maneno, anayarudia, anakata silabi kama mtu aliyelewa. Na walioketi hawasikii mwangwi wowote, kwa sababu unatoka kwenye spika ndogo iliyolala miguuni pake, ile inayomtazama yeye peke yake. Fundi aliligundua kwa bahati mbaya arusini. Alisahau kuzima mwangwi aliomwekea mwimbaji, na mjomba wa bibi arusi, msemaji hodari, akasimama kutoa nasaha na kuanza kugugumia hadi watu wakacheka kwamba ameanza kunywa kabla ya keki. Fundi alirekebisha haraka. Kisa hicho alikisimulia mara nyingi, kikachekesha mara zote.

Kanisa hili lilikuwa na utaratibu wake: anayetaka kubatizwa husimama kwanza mbele ya watu na kutoa ushuhuda kwa kinywa chake. Wazee wa kanisa husikiliza, kisha ndipo hupanga siku. Zamu ya mpaka rangi ilipofika alikuja amevaa shati lililonyooshwa, rangi nyeupe bado iko pembeni mwa kucha. Mkewe aliketi mstari wa pili na watoto. Ilionekana wazi kwamba mama huyo hakuwa amelala usiku kucha.

Alianza vizuri. "Mnanijua," alisema. "Wengine wenu mmenibeba kutoka mtaroni. Naomba radhi, najua sikuwa mwepesi."

Kanisa zima likacheka, kicheko cha watu wanaofurahi pamoja na mtu. Fundi alikipata chote kwenye hedifoni, kushoto na kulia. Mwenyekiti wa akina mama alicheka, mchungaji alicheka. Dada yake alicheka huku akifuta macho, na alikuwa hajacheka hivyo nyumbani kwa Fundi hata siku moja.

Mkono wa Fundi ukasogea, ukageuza kitufe kimoja. Hakuwa na hasira. Laiti angekuwa na hasira, leo tungekuwa na la kumtetea. Alikuwa mtulivu kama anavyokuwa akichomea waya mwembamba.

"Mke wangu," mpaka rangi akaendelea, "mke wangu ni, nili, nilimpi, nilimpiga, nilim..." Akatazama miguu yake. Akajaribu tena, na neno lile lile likamtoka vipande vipande, nilimpi, nilimpi, mbele ya watoto wake. Watu wakainamisha vichwa. Mtu mmoja karibu na meza ya sauti akanong'ona, "Huyu amekunywa." Mpaka rangi alisikia au hakusikia, haijulikani. Aliweka maiki juu ya mimbari kwa uangalifu, akatoka kwa mlango wa pembeni.

Fundi alirudisha kitufe mahali pake. Mchungaji akaokoa jahazi kwa kuita kwaya, Fundi akaipandisha kwaya, na vyombo vilisikika vizuri kuliko siku zote.

Wazee wa kanisa waliahirisha ubatizo. Walisema ni kwa upendo.

Katikati ya wiki dada alikuja kwenye chumba cha redio. Hakukaa. Alisimama upande wa wateja, viganja juu ya kaunta.

"Kaka, nakuuliza wewe kwa sababu hutanificha. Mimi sikunusa kitu. Lakini wewe ulikuwa naye masikioni. Alikuwa amekunywa?"

Fundi alikuwa na redio mbele yake, tumbo wazi. Aliitazama. "Mimi nilisikia kama mlivyosikia nyie."

"Yaani?"

"Yaani sijui, mdogo wangu. Mlevi ni mlevi. Chumba cha watoto kipo, ukitaka."

Dada akatikisa kichwa polepole, akaondoka bila kuaga. Fundi alihisi kitu kifuani na akakipa jina la huruma.

Siku mbili tatu baadaye alikuja shemeji mwenyewe. Fundi alipomwona mlangoni alijiandaa kwa ugomvi. Alisogeza hata bisibisi karibu. Lakini mpaka rangi alikuwa amekuja kuomba msamaha.

"Nimekuharibia ibada, shemeji. Unajitahidi na vyombo vyako, mimi nakuja kufanya vituko."

"Hakuna shida."

"Sikuwa nimekunywa. Najua hutaniamini." Alikwangua kucha zake, akitoa rangi. "Nikuambie kitu? Nilipoanza kusema la mke wangu, nilisikia mtu ananisemesha kwa nyuma. Maneno yangu yale yale. Kama ananirudishia: chukua, sitaki. Nikajua. Mungu akikukataa anakukataa wazi, na mimi alinikataa kwa spika."

Ungedhani hapo Fundi angesema. Chumba kilikuwa kitupu, mtu yuko mbele yake, maneno yenyewe hayazidi mstari mmoja. Alisema, "Usiwaze sana, shemeji." Mpaka rangi akamshukuru, akamshika mkono kwa mikono miwili, akaenda zake.

Sasa Fundi akaanza kukosa raha, na alilishughulikia tatizo kama alivyoshughulikia matatizo yote, kwa kurekebisha. Alikwenda kwa mchungaji, akamsihi mpaka rangi apewe nafasi nyingine. Aliongea kwa uchungu, alisema binadamu wote hukwama. Mchungaji akamwekea mkono begani.

"Ndugu yangu, aliyemuumiza dada yako ndiye unayemtetea. Hiyo si damu na nyama. Una moyo wa pekee."

Fundi alifika nyumbani akashindwa kula. Mkewe alidhani ni malaria.

Jumapili, wiki moja baadaye, mchungaji, katikati ya matangazo, alimwita mpaka rangi mbele bila kumwonya. "Si ushuhuda leo. Njoo tu utusalimie, tujue uko nasi." Mpaka rangi alinyanyuka taratibu. Mkewe alimsukuma kidogo mgongoni. Akatembea hadi mbele, na mchungaji akamnyooshea maiki.

Fundi alikuwa amejiandaa kwa nafasi hii. Alikuwa amekagua kila waya, amesafisha spika ya miguuni. Alitaka, kwa dhati kabisa, shemeji asikike vizuri. Ndipo alipoona vidole vyake mwenyewe viko juu ya kitufe kile. Hakuwa amevipeleka. Na alitamani kukigeuza. Alitamani kama mtu mwenye kiu. Aliuondoa mkono ule akaukalia. Mtu mzima, baba wa watoto, mtumishi wa kupigiwa mfano, ameketi juu ya mkono wake wa kulia ili usitende.

Haikuhitajika. Mpaka rangi alitazama maiki, akatazama spika pale chini, akatikisa kichwa. Akarudi kwenye kiti chake bila kusema neno. Kanisa zima likaguna kwa masikitiko, na katika hedifoni zake, katikati ya mguno ule, Fundi akagundua kwamba anafurahi.

Furaha hiyo ndiyo iliyomtisha. Uongo wa kwenye kaunta angeweza kuueleza, hata kile kitufe angeweza kukieleza kwa kusema alighafilika. Lakini alikuwa ametubu kwa wiki nzima kwa njia zake, amekonda, ametetea, amesafisha waya, na chini ya yote hayo kitu kile kilikuwa kimekaa kinamngoja, kizima, wala hakijapungua hata kidogo. Muda wa wito ulipofika alipunguza kinanda, akaitia joto sauti ya mchungaji, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akayasikia maneno. Mchungaji alikuwa anasema kuhusu mtu asiyeweza kujisafisha. Alikuwa akiyasema kila wiki, miaka nenda miaka rudi. Fundi aliangalia nafasi tupu pale mbele na akawaza, meza nimwachie nani. Safari hii jibu halikumchekesha. Hakwenda.

Siku chache baadaye mkewe alirudi kutoka sokoni na habari kwamba mpaka rangi ameonekana amesimama nje ya baa. Hajaingia. Amesimama tu, kwenye kona, mikono mfukoni, muda mrefu. "Masikini wifi yangu," mkewe alisema. "Akianza tena yule atamuua."

Hapo Fundi aliuona mfululizo mzima, kwa mpangilio, kama mtu anayefuata waya kutoka soketi hadi kwenye taa. Mtu amekatishwa tamaa, atakunywa. Akinywa, atapiga. Atakayepigwa ni yule yule wa kiatu kimoja. Na aliyeanzisha yote ni yeye aliyesimama getini. Alivaa viatu bila soksi, akatoka.

Aliwakuta wote wawili nyumbani. Chumba chao cha mbele kilikuwa na viti viwili na kochi, kuta za rangi ya maziwa zilizopakwa kwa ustadi ambao Fundi hakuwahi kuusifia. Dada aliketi kwenye mlango wa jikoni akichambua mchele kwenye sinia. Watoto walikuwa nje; mmoja alipita akapiga kelele, "Shikamoo mjomba!" na hakungoja kuitikiwa. Mpaka rangi aliinuka kumpisha kochi.

Fundi hakuketi vizuri. Alikaa ukingoni. "Shemeji, siku ile ya ushuhuda haikuwa Mungu."

"Nini?"

"Ile sauti ya nyuma. Ilitoka kwenye spika ya miguuni. Nilikurudishia sauti yako ikiwa imechelewa. Mtu yeyote angegugumia. Mchungaji mwenyewe angegugumia."

Mpaka rangi alifikiri. "Kitu kiliharibika."

Fundi angeweza kusema ndiyo na kunywa chai akaenda nyumbani. "Hakikuharibika kitu. Nilifanya kwa makusudi."

Mkono wa dada ulisimama juu ya mchele.

"Kwa hiyo hakuwa Mungu," mpaka rangi akasema.

"Hakuwa Mungu. Nilikuwa mimi."

Mpaka rangi alifunika uso kwa viganja, mabega yakaanza kutikisika. Fundi alidhani analia, na kweli alikuwa analia, lakini alipoondoa mikono alikuwa anacheka pia, mdomo wazi, machozi yanashuka hadi shingoni. "Hakunikataa," alisema. "Mama watoto, umesikia? Hakunikataa. Alikuwa ni shemeji tu!"

Mkewe hakucheka. Alikuwa amesimama. "Nilikuja kukuuliza," alimwambia kaka yake. "Niliweka mikono yangu kwenye kaunta yako, nikakuuliza."

"Ulikuja."

"Nikarudi nyumbani nikawa namnusa mume wangu mdomo akiwa amelala. Juzi nimefunga nguo zangu. Zipo pale nyuma ya pazia, zimefungwa mpaka leo."

Fundi aligeuka akalitazama pazia.

"Nimekusamehe, shemeji," mpaka rangi akasema upesi, kama mtu anayerudisha kitu cha jirani. "Mimi nani nisisamehe? Nimekusamehe, yaishe."

"Wewe msamehe, hayo ni yako," mkewe akasema. "Mimi nipeni muda."

Fundi alikuwa ametarajia kwamba akishasema atajisikia mwepesi. Wengi husema hivyo. Aliungoja wepesi, haukuja. Alitazama kuta zile safi, akamtazama mtu ambaye yeye mwenyewe alimdharau miaka yote anajifuta pua kwa mkono wa shati, na akaona kwamba asipomalizia sasa atarudi kwenye meza yake akiwa yule yule.

"Haijaisha," alisema. "Jumapili ulipopanda, nilitaka tena. Nilikalia mkono. Uliposhindwa kusema, nilifurahi. Na leo njiani..." Akasita. "Leo njiani nilikuwa nakuja kukusaidia, na huku moyoni natamani nikukute umelewa, nirudi nyumbani nikiwa nimeshinda. Nimejaribu kukiondoa kitu hiki. Mimi hurekebisha kila kitu. Hiki hakitoki."

Nje jirani alikuwa anapiga godoro vumbi.

"Wewe siku ile uwanjani ulisema nini?" Fundi akauliza. "Nilikuona, lakini hukuwa na maiki."

Mpaka rangi aliona haya. "Sikusema la maana, shemeji. Nilikuwa nimelewa. Nilisema nimeshindwa. Bwana, nimeshindwa, niokoe. Basi. Mengine aliyasema mchungaji."

"Ni hayo tu?"

"Sikuwa na mengine."

Fundi alishuka kutoka kwenye kochi. Magoti yake hayakuwa na mazoezi. Moja liligonga meza. Mpaka rangi, asijue la kufanya, alipiga magoti kando yake na kumwekea mgongoni mkono wenye rangi. Hapakuwa na kinanda, na mkono ule ulikuwa mzito kuliko alivyotegemea. Fundi alifungua mdomo, akafunga, akafungua tena.

"Nimeshindwa," alisema, kwa sauti iliyoishia kifuani. "Bwana, niokoe."

Dada yake alikuwa bado mlangoni, sinia mkononi, uso mkavu.

"Sijasikia," akasema. "Sema kwa sauti, kaka."

Fundi akasema tena, kwa sauti.